Epua Kwanza, Ndipo Utie Paprika

Paprika tamu ya Hungaria, unga wa pilipili nyekundu isiyo kali, husingiziwa kwamba ni rangi tu, ladha haina. Anayesema hivyo mara nyingi amenyunyiza nusu kijiko cha chai kwenye mchuzi uliokwisha kujaa nyanya, binzari na unga wa mchuzi wa pakiti. Humo hata kiungo kikali kingepotea. Kwa Wahungaria, paprika haiji mwishoni kupamba chakula. Ndiyo mchuzi wenyewe. Kilo moja ya nyama hutiwa vijiko vikubwa viwili hadi vitatu, yaani kama gramu 15 hadi 20. Ukiona uchungu kuitumia kwa wingi huo, bora uiache dukani.

Lakini uchache wake si kosa kubwa kama hili la pili: kuimwaga kwenye mafuta yanayotokota juu ya sigiri ya makaa. Paprika ni pilipili iliyoiva ikawa nyekundu, ikakaushwa na kusagwa laini sana, nayo ina sukari nyingi. Unga laini wenye sukari ukikutana na mafuta ya moto huungua kwa sekunde chache tu. Rangi inageuka kahawia, harufu inakuwa ya kuungua, na uchungu unaingia katika chakula chote. Uchungu huo hauna dawa. Sukari haiufichi, nyanya haiuondoi, maji yanausambaza tu. Mwaga, osha sufuria, uanze upya kabla hujatia nyama, maana hapo utakuwa umepoteza vitunguu na mafuta peke yake.

Hata hivyo, mafuta inayahitaji. Rangi yake na sehemu kubwa ya harufu yake huyeyuka katika mafuta, si katika maji, ndiyo maana paprika iliyotiwa moja kwa moja kwenye supu hubaki na ladha ya vumbi. Kinachotakiwa ni mafuta yenye joto bila moto chini yake. Mwenye jiko la gesi anazima. Sigiri haizimwi, kwa hiyo sufuria ndiyo inayoondoka: epua, iweke chini, subiri mafuta yaache kulia, kama nusu dakika. Tia paprika yote kwa pamoja, koroga sekunde kumi au kumi na tano hadi kila kipande cha kitunguu kivae wekundu, kisha tia nusu kikombe cha maji papo hapo. Maji yanashusha joto na kuilinda. Sasa rudisha motoni.

Chakula cha kujifunzia ni pörkölt, mchuzi mzito wa nyama ambao nje ya Hungaria watu wengi huuita gulashi. Gulyás ya Wahungaria wenyewe ni supu, yenye maji mengi na viazi. Kwa pörkölt ya kilo moja, chagua nyama ya muundi au shingo, yenye mishipa. Steki hukauka kabla mchuzi haujaiva. Vitunguu ni nusu kilo, na hapa usipunguze hata kimoja, kwa kuwa hakuna unga wa kuufanya mchuzi uwe mzito: kitunguu kilichoyeyuka ndicho kinachoushika. Mafuta ya asili ni ya nguruwe, vijiko vikubwa vitatu. Asiyekula nguruwe atumie samli ya kule Ankole, magharibi mwa Uganda, au mafuta ya alizeti. Samli ina harufu yake, ila haigombani na paprika.

Katakata vitunguu vidogovidogo, vikaange kwa moto mdogo na chumvi kidogo, dakika ishirini kamili, mpaka vilainike na kuwa kama kioo, vikianza kushika rangi ya dhahabu. Wapishi wenye haraka huharibu hapa. Kitunguu kilichokaangwa dakika tano kitaelea vipande vipande hadi mwisho, na mchuzi utakuwa maji. Vikishakuwa tayari, epua na utie paprika kama ilivyoelezwa. Rudisha, tia nyama, geuza hadi ipoteze wekundu wa ubichi, ongeza punje mbili za kitunguu saumu, pilipili hoho moja na nyanya moja ndogo. Moja tu. Ukitia nyanya nne umepika mchuzi wa nyanya. Wahungaria huongeza pia kisibiti kidogo. Usipokipata, acha kabisa, usitie bizari nyembamba badala yake. Zinafanana kwa sura, ladha zake ni mbali.

Funika, moto uwe mdogo, makaa machache yaliyoshika majivu. Usiijaze maji. Nyama itatoa yake, nawe uongeze robo kikombe kila inapokaribia kukauka, ukikwangua chini kwa mwiko. Kwetu Kampala, kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100 na nyama hukawia kuiva, kwa hiyo kadiria saa mbili hadi mbili na nusu. Imeiva pale mafuta mekundu yanapojitenga na kuelea kando ya mchuzi. Mafuta hayo usiyachote, ndiyo yaliyobeba paprika.

Kuku wa paprika huanza vivyo hivyo. Tofauti ni krimu chachu inayotiwa mwishoni. Bongo, maziwa yetu ya mgando, yanafaa, ila yana mafuta machache na hukatika upesi yakichemka. Yachuje kwenye kitambaa saa moja, pima kikombe kimoja, koroga na kijiko kikubwa cha unga wa ngano, kisha yazoeshe joto kwa kuyachanganya na miko miwili mitatu ya mchuzi kabla ya kuyarudisha sufuriani. Baada ya hapo yapate moto wa kutetemesha tu, dakika tano, yasitokote kwa nguvu. Kuku wa kisasa huiva kwa dakika arobaini. Wa kienyeji mpe saa moja na nusu au zaidi, na bongo lisubiri hadi alainike.

Kwa kuandamia, posho, yaani ugali, inafaa, na matoke, zile ndizi za kupika, yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya majani yanafaa zaidi, kwa maoni yangu, kwa sababu yananyonya mchuzi bila kushindana nao. Usiyapike ndani ya sufuria ya nyama kama katogo: wanga wake huzima rangi na ladha yote.

Dukani, soma kopo. Maneno édesnemes au csemege huashiria aina isiyo kali. Erős ni kali. Szeged na Kalocsa ndiyo maeneo yanayosifika kwa kilimo chake. Paprika yenye harufu ya moshi ni ya Kihispania, chakula kingine kabisa. Epuka unga wa kupimiwa kwenye gunia wazi: mwaka 1994 huko Hungaria kwenyewe paprika iligunduliwa imechanganywa na oksidi ya risasi ili ing'ae, na watu waliugua. Wekundu wa kung'aa peke yake si ushahidi wa ubora. Nunua kopo dogo. Mwanga na joto huipausha, na chupa ya kioo kando ya jiko haimalizi miezi michache kabla haijawa kahawia. Ifunge vizuri, iwe gizani mbali na mvuke, maana ikinyonya unyevu hugandamana, na wadudu wa nafaka huipenda sana.

Mchuzi ukilala, siku ya pili huwa mzuri zaidi. Upashe kwa maji kidogo na moto mdogo. Ukitamani rangi iongezeke, usinyunyize paprika mbichi juu yake: pasha kijiko cha mafuta pembeni, epua, koroga humo kijiko cha chai cha paprika, ndipo umimine.