Usimlaumu jirani, mlaumu aliyeiunda taa

Katika ugomvi wa taa za kugusa, zile zinazowaka ukizigusa tu, na redio ya ridhaa, yaani watu wenye leseni wanaowasiliana kwa redio kutoka nyumbani kama burudani, nchini Marekani, mimi simlaumu mwenye taa wala mwenye redio. Namlaumu aliyeiunda taa, na serikali iliyomwachia.

Taa hizi hazina swichi. Ndani yake kuna saketi ndogo inayotoa mawimbi muda wote, hata taa ikiwa imezimwa, na gamba la chuma limeunganishwa nayo. Ukiligusa, mwili wako unabadilisha masafa ya mawimbi hayo, saketi inatambua, taa inapanda ngazi: hafifu, wastani, kali, kisha giza. Lakini saketi haiwezi kutofautisha kidole na mawimbi ya redio. Waya wa umeme na lile gamba hunasa mawimbi kama antena, na mtu wa nyumba ya pili akituma ujumbe kwa msimbo wa Morse, ule wa nukta na mistari, saa nane za usiku, kila anapobonyeza kitufe chake taa inaweza kudhani imeguswa. Ukiwa umelala kando yake utamtafuta mganga kabla ya fundi.

Mwenye redio naye anaumia. Saketi ya kupunguza mwanga hukata umeme mara 120 kwa sekunde, maana umeme wa Marekani ni hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde, na kila mzunguko hukatwa mara mbili, na mikato hiyo hutoa mngurumo kwenye mawimbi ya kati na mafupi. Kituo dhaifu cha mbali hakisikiki tena.

Kisheria, kanuni za FCC, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia mawasiliano, Sehemu ya 15, zinataka kifaa cha namna hii kisisumbue mawasiliano yenye leseni, tena kivumilie usumbufu kinaoupata. Mwenye redio akifuata masharti ya leseni yake, mwenye taa hana pa kushtaki. Sawa, lakini nani husoma kibandiko kabla ya kununua taa? Mwaka 1982 Bunge la Marekani liliipa FCC mamlaka ya kuwabana watengenezaji ili vyombo vya nyumbani vihimili mawimbi. FCC ikawaachia hiari. Umoja wa Ulaya unadai uhimilivu huo kabla kifaa hakijaingia sokoni, na hapo naona wamewazidi Wamarekani akili.

Mafundi hushauri kuuzungusha waya wa taa mara kadhaa kwenye pete ya feraiti, yaani pete ya kauri yenye chuma inayozuia mawimbi ya redio kupita kwenye waya. Hupunguza makali, ila gamba lenyewe likiwa ndilo linalonasa, pete haifui dafu. Ningekuwa mwenye redio ningemnunulia jirani taa yenye swichi ya kubonyeza, na risiti ningempelekea mtengenezaji, hata kama angeitupa.