Filibasta: wapingaji wa muswada wafike ukumbini

Filibasta, mbinu ya kurefusha mjadala katika Seneti ya Marekani ili muswada usipigiwe kura, bado inawakumbusha wengi seneta Strom Thurmond, aliyehutubia kwa saa 24 na dakika 18 mwaka 1957 akipinga muswada wa haki za kiraia. Siku hizi muswada hukwama bila hotuba. Tangu miaka ya 1970, Seneti inaweza kuuweka kiporo muswada unaopingwa na kuendelea na shughuli nyingine, kwa hiyo tishio tu linatosha.

Kuukwamua ni kazi ndefu. Maseneta 16 hutia saini hoja ya kufunga mjadala, siku moja ya kikao hupita, ndipo kura ipigwe. Hoja ikipita, mjadala bado unaweza kuchukua saa 30. Tena kizuizi kinaweza kuwekwa mara mbili: kabla muswada haujaanza kujadiliwa, na kabla ya kura ya mwisho.

Wanaodai mageuzi ya kanuni hii hushutumiwa kwamba wanataka kuwaziba mdomo walio wachache. Si haki. Itazameni hesabu yao. Kabla ya 1975, kufunga mjadala kulihitaji theluthi mbili ya waliopiga kura. Wakipiga 80, kura 54 zilitosha, na wapingaji walilazimika kuleta watu 27. Kanuni ya 1975 inataka tatu ya tano ya maseneta wote, yaani 60 kati ya 100, hata ukumbi ukiwa nusu tupu. Mpingaji aliyelala nyumbani kwake ana uzito sawa na aliyekuja kupiga kura ya hapana. Anayeunga mkono akiugua, kura yake imepotea.

Watetezi wa filibasta nao wana hoja nzito: bila hiyo, sheria kubwa zingepinduliwa kila chama kinapobadilishana madaraka. Mlango ukifunguliwa haufungiki kirahisi. Mwaka 2013 Wademokrat waliondoa kizingiti cha 60 kwa kuidhinisha uteuzi mwingi wa rais, na 2017 Warepublikan wakakiondoa kwa majaji wa Mahakama ya Juu.

Kurudisha hotuba ndefu peke yake hakutoshi. Akidi, yaani idadi ya chini ya maseneta wanaotakiwa kuwepo, ni 51: mzungumzaji mmoja anaweza kudai ihesabiwe usiku wa manane, na wanaoutaka muswada ndio watakaolala karibu na ukumbi ili itimie. Ndiyo maana pendekezo lenye mashiko zaidi ni kuigeuza kanuni: wanaotaka mjadala uendelee ndio walete kura 41, kila mara zinapodaiwa.