Nani Mnene Hapa?

Mwezi wa kwanza nilimpenda sana mwenzangu wa chumba. Mwezi wa pili nilitamani kumchoma na pasi.

Tulikuwa Dubai, kazi ya mgahawani, zamu ya mchana na ya usiku, katikati tunarudi kupumzika. Yeye Mfilipino wa Batangas, nilimwita Ate, ndivyo wanavyomwita dada mkubwa. Kila saa kumi alasiri, kwao saa mbili usiku, alivaa hedifoni, akaegemeza simu kwenye kabati langu akaongea na nyumbani. Nami pembeni ya kabati hilo, kitandani, na sahani yangu ya wali.

Kitagalogi nilijua neno moja tu, "kain", kula, maana Mfilipino hafungui chakula bila kukukaribisha. Basi namwona ananielekea, anatabasamu, anasema: "Nene, kumain ka na?"

Nene. Halafu kula. Na mimi, tuambizane ukweli, nilitoka Tanga na kilo 88.

Siku ya kwanza nilimeza. Ya pili nikapunguza wali. Kufika wiki ya tatu nilikuwa nakula tango nimejifungia bafuni, na huko nje nasikia "Nene! Nene ko!" kwa sauti ya kubembeleza. Mtu akutukane kwa ukali ni afadhali.

Njaa iliponizidi nikatoka na tango langu mkononi, nikamtolea povu. Kiswahili, Kiingereza, Kiarabu cha sokoni, vyote. Mnene mimi? Unanilisha wewe? Alipoelewa alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akanigeuzia simu. Kitoto cha kike, chembamba kama njiti, kikanipungia mkono.

Huyo ndiye Nene.

Kumbe kwao binti mdogo ni Nene, au Ineng. Wa kiume ni Totoy, nusura liwe letu hilo. Iho, mwana wa kiume, na iha, wa kike, waliachiwa na Wahispania. Na mtu mzima akikudekeza, uwe wa kike au wa kiume, uwe wake au wa jirani, ni "anak", mwanangu. Nene wake alikuwa pia bunso, kitinda mimba, na bunso huitwa bunso mpaka anaota mvi. Ate mwenyewe ni panganay, kifungua mimba. Ndiyo maana yuko Dubai.

Tukapatana. Nikaurudia wali kwa fujo.

Ijumaa nikapiga simu Tanga. Mama amempakata binti yangu, lakini kioo chote kimejaa mama. Binti anaonekana paji la uso tu. Ate, kwa mapenzi yake, akachungulia begani kwangu akapaza sauti:

"Helo, Nene!"

Mama kimya. Akajifunika kanga vizuri.

"Huyo mwenzio," akauliza, "anamwambia nani?"

Nikasema mtandao mbaya, nikakata.