Bibi, Ndoo na Kijaluba

Majirani zangu hapa Magomeni walishakubaliana kwamba mimi nafuga mawe. Nina tangi la lita 200 za maji ya chumvi, ndani mna matumbawe, na kweli kwa mbali ni mawe. Ila haya yanakula. Yanataka kalsiamu ya kujengea mifupa yao, nami nayapa kwa maji ya chokaa, tone kwa tone usiku kucha, maana usiku ndipo pH ya tangi, yaani kipimo cha uasidi na ualikali wa maji, inaposhuka, na chokaa huipandisha. Ukiyamwaga kwa mkupuo, tangi zima linageuka tui.

Maji hayo yanakaa jikoni, kwenye ndoo yenye mfuniko. Natia chokaa safi, nyingi kuliko inayoweza kuyeyuka, nakoroga, naacha ituame. Lita moja ya maji haimalizi hata gramu 2, kwa hiyo nyingi inalala chini, na kila nikichota ya juu na kuongeza maji mapya, ile ya chini inayeyuka kufidia. Ukali naupima kwa kijimita cha kupima maji yanavyopitisha umeme. Yakishiba chokaa, husoma milisimensi 10 na ushee kwa sentimita.

Basi Bibi akaja kutoka Tanga kutibiwa macho.

Hazikupita siku nyingi, mita ikasoma 7. Nikasema hii ni hewa tu, si tulifundishwa shule, ukipuliza pumzi kwa mrija kwenye maji ya chokaa yanageuka meupe? Kabonidayoksaidi imeingia. Nikafunga ndoo kwa nailoni, juu yake mfuniko, juu ya mfuniko tofali. Mita ikasoma 5. Nikabadilisha betri. Nikasugua ncha za mita kwa siki. Ikasoma 4, tena kwa madaha. Hapo nikampigia aliyeniuzia chokaa, nikamtolea maneno ambayo mpaka leo nikikaribia duka lake navuka barabara.

Usiku mmoja Luku ikaisha. Niko kitandani najipepea, nikasikia jikoni: kwaru, kwaru, kwaru. Panya gani huyu wa kusogeza tofali? Nikanyata na tochi ya simu.

Bibi. Kanga kaifunga kiunoni, mkono umezama ndooni hadi kwenye kiwiko, anakwangua chini kwa upawa. Kwenye stuli, kijaluba chake cha tambuu kiko wazi. Ndoo hiyo, jamani, ina pH zaidi ya 12. Mimi naifungua nikiwa na glavu na miwani.

“Shikamoo, Bibi.” Sijui kwa nini ndilo lililonitoka.

“Marahaba, mume wangu. Mulika hapa vizuri.”

“Bibi, toa mkono! Hiyo ni ya matumbawe!”

“Ni chokaa,” akanisahihisha. “Siku ya kwanza ilinichubua shavu, nikasema mume wangu ana mali safi. Sasa imekuwa maji matupu. Wamekupunja.”

Nikamburuta bombani, nikamwagia maji mkono mpaka akalalamika bili. Kisha nikamweleza yote: mita, kalsiamu, matone ya usiku. Alinisikiliza kwa adabu, huku akipaka jani la tambuu, akitia popoo na katu, akakunja, akasukumia shavuni.

“Wazee wetu,” akasema, “walikuwa wanayachoma matumbawe tanurini wapate chokaa. Wewe unanunua chokaa uyape matumbawe. Halafu eti mimi ndiye niliyeletwa kutibiwa macho.”

Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina.

Asubuhi nilitia chokaa mpya, ikatuama, mita ikarudi 10. Matumbawe yenyewe hayakuonyesha hata kununa. Bibi nikamnunulia kopo lake Kariakoo. Akaonja, akalirudisha mezani, akasema lina mchanga. Ikabidi tugawane ile ya ndoo: mimi kwa gramu, yeye kwa kidole.

Macho yalipopona akaondoka na chupa imejaa. Juzi kapiga simu: wenzake wa Ngamiani wanauliza nauza bei gani, na kama mzigo unaweza kupanda basi la asubuhi.