Miaka ya karatasi

Mwaka 2023, Wafaransa walipomiminika barabarani kukataa umri wa kustaafu upandishwe kutoka 62 hadi 64, jirani yangu hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, mwalimu wa shule ya msingi, aliniomba nimsomee habari ile kwenye simu. Alicheka mpaka akavua miwani. "Mwana, bale banakatala kutumika. Siye tunakatala kutoka." Yaani wale wanakataa kufanya kazi, sisi tunakataa kustaafu.

Kauli hiyo hunirudia kila nikisikia watu wa Lubumbashi wakibishana kama na sisi tutaongezewa miaka. Kwa sheria ya 2016, mtumishi wa serikali anatoka akifika 65, au akitimiza miaka 35 ya kazi. Haya, 65 ya nani? Kitambulisho cha mwalimu kinasema alizaliwa "karibu na 1963". Marehemu mama yake alikuwa akisimulia kwamba Katanga, jimbo letu hili, ilipojitenga na Kongo, Julai 1960, mtoto huyo tayari alikuwa anafukuza kuku uani. Karatasi ya mahakama, ile ya kuthibitisha mwaka wa kuzaliwa, ndiyo iliyompunguzia miaka. Ile 35 ya kazi nayo aliivuka zamani, wala hakuna aliyemwita, maana kumwita ni kumlipa mafao. Basi kila asubuhi anashika chaki, anaandika tarehe kwa herufi kubwa kama za kibao cha duka, kwa sababu ndogo hazioni tena. "Hii karatasi njo inanilisha," anasema. Simlaumu.

Kwa hiyo wakipandisha umri hadi 67, hata 70, mzee huyu hatasikia kitu. Atakayeumia ni binti anayefundisha darasa la pili, ng'ambo ya ukuta wake. Mwaka wa tatu huu bado ni NP, yaani halipwi: jina lake halimo kwenye orodha ya mishahara. Zamani wazazi wangemchangia. Tangu masomo ya msingi ya serikali yatangazwe kuwa ya bure mwaka 2019, mchango huo umepigwa marufuku, naye mchana anauza maandazi. Nafasi ya mzee ndiyo anayoingoja, na wote wawili wanalijua hilo, ingawa wanasalimiana vizuri sana.

Wafanyakazi wa makampuni ndio wananitia hofu zaidi. Sheria nyingine ya 2016 iliwashushia wanaume umri wa pensheni kutoka 65 hadi 60, sawa na wanawake. Nadhani hapo walifikiri vizuri. Mtu aliyeendesha lori la mgodi zamu za usiku, akimeza vumbi miaka 30, kwake 60 ni uzee kamili. Mwongezee mitano, pensheni mtampelekea mjane.

Wiki iliyopita binti wa NP alinisimamisha njiani, beseni la maandazi kichwani. Nilidhani ananidai. Kumbe alitaka kujua ile karatasi ya mahakama inatolewa wapi, na kama mtu wa miaka 29 anaweza kupunguziwa mapema.