Sala ya Jioni Ilivyomfikia Keateka

Mume wangu ni Mkatoliki wa Bura kule Taita, mimi wa Rabai, Mwanglikana wa ACK tangu tumboni, na miaka yote tuliyokaa hapa Mikindani kila mtu alikuwa anasali kivyake, yeye na rozari yake kwa matatu akienda kazini, mimi jikoni, watoto wanaombea chakula tu tena mbiombio chapati zisipoe. Mambo yalikuwa shwari mpaka mamangu akaja kutukalia. Usiku wa kwanza tu akauliza, "Kwani nyinyi mwasali kama wapangaji, kila mtu na mita yake?" Na huyo mama usimpe nafasi, atakukumbusha Krapf na Rebmann walifungua misheni kwao Rabai 1846, yaani kusali kwao si jambo la kubahatisha. Basi ikapitishwa hapo hapo, kila jioni saa mbili, sebuleni, wote.

Balaa la kwanza lilikuwa Baba Yetu. Twaanza pamoja vizuri, tukifika kwa ufalme mume wangu asema ufike sisi twasema uje, yeye yuaomba mkate sisi twaomba riziki, ni kugongana tu hadi watoto wacheka. Na mwisho sasa! Yeye akishasema utuopoe maovuni, Amina, keshasimama anaelekea kwa sufuria, na sisi bado tuko kwa nguvu na utukufu. Mamangu akafungua jicho moja, "Mkwe, rudi. Hatujafika."

Sasa siku yenyewe stima zikapotea. Joto la Machi mwalijua nyinyi, madirisha wazi, jasho latiririka. Nilikuwa kwenye grupu la WhatsApp la ploti nauliza kama ni giza kote ama ni kwetu tu, nikawasha tochi ya simu nikampa kijana wangu wa mwisho ammulikie nyanyake asome zaburi. Akaishika kwa mikono miwili kwa adabu kabisa, kidole gumba kimekaa tuli pale kwenye kale kaalama ka kurekodi sauti.

Ikawa zamu ya mume wangu kuomba kwa maneno yake mwenyewe, kitu hajawahi kufanya, kwao sala wameandikiwa. Na yeye kazi yake ni klearingi huko bandarini, kuongea mbele ya watu ameanza na kuishia kwa mikutano ya ofisi. Akakohoa. "Mwenyezi Mungu, itifaki ikizingatiwa, napenda kuchukua fursa hii..." Mimi naluma leso. Akashukuru kwa uzima, akashukuru kwa mahudhurio mazuri, kisha nasikia, "Vilevile, chini ya mengineyo, kuna mtungi wa gesi wa kilo 6 ulioazimwa na nyumba namba nne tangu Krismasi. Bwana, tunaomba ulifuatilie hilo."

Msichana wangu wa darasa la nne akadakia bila hata kupewa zamu. "Mungu mlinde jogoo wa nyanya hapo balkoni keateka, yule mwangalizi wa ploti, asimuone, na akija kuuliza tena umsaidie mama aseme ni ringtoni kama siku ile." Nyanya mwenyewe akafunga kwa kumuombea yule jirani wa juu anayewasha pampu ya maji saa nane za usiku, alainishwe roho ama pampu iungue, vyovyote Bwana atakavyoona vyema.

Amina. Kijana akaachia kidole.

Tukakaa kula. Nimemega ugali nasikia sauti ya mume wangu, na mume wangu ameketi hapo mbele yangu amejaza mdomo samaki. Yatoka dirishani, nyumba ya chini: "Itifaki ikizingatiwa..." Mara ikaanza ya juu pia, iko nyuma kidogo, huku wako kwa mtungi huku bado wako kwa itifaki. Jamani stima hakuna, TV hakuna, ploti nzima iko kwa simu! Kunyakua simu ni dakika tisa za sauti zimeenda kwa watu wote. Nikafuta kwa wote, mkono watetemeka, hapo hapo mama mahamri wa geti akaandika, "Mbona wafuta mwanangu, mimi sijafika kwa jogoo." Halafu, "Amin kwa yote. Na deni la mahamri ya wiki iliyopita mliliombea ama mlipitiwa?" Nyumba namba nne akatoka kwenye grupu bila kwaheri. Keateka akaandika, "Amen." Kimya kidogo. "Balkoni ipi?"

Na mume wangu ananiuliza eti sauti yake ilitoka vizuri.

Asubuhi mtungi tukaukuta mlangoni, mtupu, regulata hakuna, labda hilo angelitaja kwa mengineyo. Namba nne mpaka leo tukikutana kwa ngazi ananiambia "Bwana asifiwe" kwa ukali fulani hivi.

Keateka alibisha saa moja kamili. Mamangu ndiye alifungua, shuka begani, na kabla hajaitikia salamu jogoo akawika huko nyuma, ile ya kurefusha. Mama hata hakugeuka. "Ringtoni hiyo, baba."

Keateka akavua kofia, akajikuna kichwa. "Basi mama, Jumapili hiyo ringtoni iwe imepikwa kwa nazi. Nitakuja na sahani yangu."