Shule inakaa magotini

Daktari akitaka kujua mzee amebakiwa na nguvu kiasi gani, hahitaji mashine. Atamkalisha kwenye kiti, amwambie akunje mikono kifuani, kisha ainuke na kukaa mara tano huku sekunde zikihesabiwa. Ataongeza mwendo wa mita nne na kusimama bila kuyumba. Alama za juu ni 12. Nikikifikiria kipimo hicho namuona shangazi yangu akiinuka kwenye mbuzi baada ya kukuna nazi: mkono mmoja gotini, mwingine ukutani, "Yarabi" moja, ndipo mgongo unyooke.

Kila palipopimwa sana, waliosoma na wenye kipato huchelewa kudhoofika. Ubishi ni kipi kinachomlinda mtu zaidi, elimu au kipato. Wanaosema pesa wana hoja: mwenye nayo hula vizuri, hununua miwani, hulipa bodaboda kwenda kliniki ya presha kabla kiharusi hakijamlaza. Tena pesa unaweza kumpa leo. Mtu wa miaka 75 humrudishi darasani. Zanzibar ilipoanza Pensheni Jamii mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa aliyetimiza miaka 70, haikuuliza cheti cha mtu. Ilifanya vyema.

Ila kipato kina hila. Mama muuza samaki akivunjika nyonga, biashara inakufa. Ukija kumpima utaandika kwamba umaskini ndio uliomlemaza. Elimu haigeuziki hivyo. Goti linalouma leo haliwezi kumtoa mtu darasani miaka 60 iliyopita. Ndiyo maana naiamini zaidi.

Na siisemi shule ya kujua vitamini. Hapo ndipo watu hucheka: bibi aliujua mchicha kuliko daktari! Aliujua, sawa. Lakini shule ilimpa aliyeipata kiti cha kukalia. Karani alikaa miaka 30. Dada yake aliyebakizwa nyumbani alibeba ndoo na kuni kichwani, akalima ameinama, akazaa, akarudi shambani uzazi haujapoa. Leo tunamsifu eti jembe limemkomaza. Waliokomaa tunakutana nao njiani. Waliovunjika wako ndani, kitandani, na hakuna anayewahesabu anapotoa sifa hizo.

Kuna kinachoitia doa hoja yangu. Utafiti wa Whitehall II, ulioanza 1985 kwa watumishi wa serikali 10,308 jijini London, ulihusu watu wa maofisini wenye mishahara na matibabu ya bure. Bado afya ilishuka kadiri cheo kilivyoshuka. Hapo hakuna jembe wala ndoo. Michael Marmot, aliyeuongoza utafiti huo, na wenzake walitilia mkazo kukosa kauli juu ya kazi yako mwenyewe, na sina pa kukwepea: si magoti peke yake.

Tanzania Bara jibu linakuja lenyewe. Elimu ya msingi kwa wote ilianza 1977, na aliyeandikishwa mwaka huo akiwa na miaka 7 atafikisha 60 mwaka 2030. Shangazi yangu aliishia darasa la nne, enzi ambazo mtihani wa hapo ulikuwa chujio. Hawa wa 1977 walimaliza la saba, kisha wengi wao wakarudi kwenye jembe lilelile bila kukiona kiti ninachokisifu. Wakiinuka mara tano upesi kuliko mama zao walivyokuwa kwa umri huo, nitakiri kwamba darasa lenyewe lilikuwa na nguvu ambayo sikuiona.